Nati Hairudi Nyuma

Machi 4, Jumatatu

Mvua imefika leo, na bati la gereji limeanza kuvuja palepale linapovujia kila mwaka, juu ya meza ya spana. Nimeweka ndoo. Mwaka jana nilimwambia baba tubadilishe bati lile, hakunijibu. Leo nimemwambia tena huku nahamisha spana, hakunijibu tena. Mara akaingia shemeji yangu, mfuko wa nailoni kichwani, akaenda kumsimamia baba usoni: "Baba, hapa unatengeneza magari au unafuga samaki?" Baba akacheka mpaka akashika mbavu. Fundi wa bati anakuja kesho.

Mtaa mzima unaniita Spana. Nimefanya kazi na baba yangu tangu nilipomaliza shule. Shemeji anauza magodoro. Naomba hilo likumbukwe.

Machi 7, Alhamisi

Mvua. Hakuna mtu anayenunua godoro mvuani, kwa hiyo shemeji ameshinda gerejini kutwa. Amejinunulia glavu za mpira, anazivaa hata kushikia kikombe cha chai. Humu ndani nitamwita Glavu. Kwa mdomo ataendelea kuwa shemeji, maana mkewe, mdogo wangu, akisikia hapatakalika.

Machi 9, Jumamosi

Leo tumemfunua Chiriku.

Ni gari la baba, la michezo, jekundu, viti viwili, liko chini mpaka ukipanda unadhani umekaa barabarani. Baba alilinunua likiwa chuma chakavu kabla mimi sijazaliwa, akalifufua, akaliita Chiriku kwa sababu ekzosi yake haijui kunyamaza. Kila mwaka mvua zikianza tunampandisha kwenye magogo, tunamfungua, tunamfunga upya, na mvua zikikatika baba anampeleka kwenye mashindano ya kupanda mlima. Hajawahi kushinda. Hajawahi pia kuzimikiwa njiani, na kwa baba hilo ndilo kombe.

Mwaka huu goti lake halikunjiki. Daktari amesema klachi ya Chiriku asiiguse kabisa. Basi ataendesha mtu mwingine, na kila mwenye macho anajua ni nani. Nani anaijua kila nati ya gari lile? Nani alikuwa akiegemea mto utotoni ili mguu ufike kwenye breki, baba akikaza nati za ekseli kule nyuma? Mimi sijasema neno. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Machi 10, Jumapili

Amempa Glavu.

Machi 11, Jumatatu

Jana niliishia maneno mawili. Leo naweza.

Tulikuwa mezani, wote watano. Mama anapakua. Baba akagonga glasi kwa kijiko, akatoa ufunguo wa Chiriku mfukoni, mimi nikafuta mikono kwenye sketi. Kweli kabisa, nilifuta mikono. Akasema, "Mkwe wangu, mlima ni wako mwaka huu." Glavu akasimama, akaupokea kwa mikono miwili, macho yamemjaa maji. Mdogo wangu akapiga kigelegele. Mama akanitazama mimi, akaniuliza kama naongeza mchuzi.

"Naongeza," nikasema. Ningesema nini?

Mdogo wangu nampenda. Nimembeba mgongoni huyu. Lakini hebu nieleze, maana karatasi haichoki: alizaliwa mzuri, akapewa chumba chenye dirisha, akasoma, akaolewa na mtu anayemkandia unga. Sikulalamika. Nilijiambia, wewe una gereji, wewe una baba. Sasa na baba naye kapata mtoto wa kiume dukani, kwenye magodoro. Eti Glavu hakulelewa na baba, baba yake alikufa yeye akiwa mchanga, kwa hiyo tumwonee huruma. Haya, nimemwonea huruma. Ndiyo anichukulie wangu?

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nimeinama chini ya magari maisha yangu yote, mgongo wangu ni shahidi.

Machi 13, Jumatano

Mvua. Glavu ameniuliza ipi ni gia ya kurudi nyuma.

Machi 16, Jumamosi

Leo ilikuwa siku ya nati.

Ugonjwa wa magari ya aina ya Chiriku uko nyuma. Kila upande, mwisho wa ekseli, kuna nati moja kubwa inayoshikilia habu, na habu ndiyo inayoshikilia gurudumu. Ndani, ekseli ina meno yanayoingia kwenye meno ya habu. Nati ikilegea hata kidogo, habu inacheza, meno yanatafunana, na siku moja kwenye kona gurudumu linakuaga na breki yake. Ndiyo maana nati hizi hazikazwi kwa mkono mtupu. Unachomeka bomba refu kwenye spana, mtu mmoja anakanyaga breki ndani ya gari, mwingine anavuta bomba kwa uzito wake wote mpaka nati ilie. Halafu gari linaendeshwa kidogo habu ikae vizuri, linaachwa lipoe, na nati zinakazwa mara ya pili. Hiyo mara ya pili ndiyo watu wengi huisahau, ndiyo baba hakuisahau hata siku moja.

Jambo la mwisho ni pini. Nati ina mapengo kama taji, na ekseli ina tundu. Pini ya chuma inapita kwenye pengo na tundu ili nati isijifungue. Ikiwa pengo na tundu havijalingana, unakaza zaidi mpaka pengo linalofuata. Hurudishi nyuma, hata kama ni unywele. Baba alinifundisha hivyo kabla sijafundishwa kusoma: nati huenda mbele tu, nati hairudi nyuma.

Nimevuta mimi. Baba alikanyaga breki kwa mguu wake mzima. Nilimwambia, "Baba, shikilia hapohapo," akaachia. Nikamwambia tena, akaachia tena. Nikaona anafanya makusudi. Glavu akaenda dirishani, akainama, akamwonyesha ngumi iliyofumbwa na kusema, "Kaza mguu, baba!" Akakaza. Mimi natoka jasho, wao wanachekeana.

Nimepiga mstari wa rangi ya njano kutoka kwenye nati hadi kwenye ekseli, kila upande. Mstari ukikatika, nati imesogea. Huo ndio mkono wangu.

Machi 20, Jumatano

Glavu amemzungusha Chiriku mitaa ya karibu ili habu zikae. Amerudi amelowa chapachapa, anacheka peke yake kama aliyeokota mali. Watoto wa shule walimshangilia. Mimi watoto hao wananijua kwa kuwatengenezea baiskeli, na hakuna aliyewahi kunishangilia.

Kukaza mara ya pili: Jumatatu, nikirudi.

Machi 25, Jumatatu

Nilitumwa mji wa pili kufuata beringi za lori la mteja. Nimerudi saa kumi na moja, nimeloa mpaka kwenye mifupa, nakuta baba na Glavu wamekaa kwenye viti, wanakunywa chai, wamejipanga kama mabwana harusi.

"Tumeshamaliza!" baba akaniambia. "Mkwe wangu amekaza mwenyewe. Ana mkono huyu!"

Ana mkono. Mimi hajawahi kuniambia nina mkono. Nilikaza nati ya basi nikiwa na homa, akasema, "Haya, lete ile nyingine."

Walipoondoka nimelala chini na tochi. Upande wa kushoto, safi. Upande wa kulia, mstari wangu wa njano umekatika, na nusu iliyo kwenye nati imebaki nyuma ya nusu iliyo kwenye ekseli. Imerudishwa. Pini imekaa vizuri kabisa, imekunjwa kwa ustadi, maridadi. Najua alichofanya, kana kwamba nilikuwepo. Alikaza, pengo likapita tundu kidogo, akaona tabu kwenda mbele mpaka pengo jingine, akairudisha kidogo ili pini ipite. Kosa la mtu aliyezoea magodoro. Godoro ukilirudisha nyuma halikuui.

Ningeweza kuikaza upya kesho asubuhi. Ningeweza kumwambia baba. Lakini nikimwambia mimi itakuwa ni wivu wa Spana. Baba atasikia mwenyewe. Nati ya aina ile ikilegea, gari likitoka rivasi kwenda mbele linasema tak, moja tu, kavu, upande wa nyuma. Baba alikuwa akiisikia akiwa barabarani, gari likiwa la mtu mwingine, anamsimamisha mwenye gari. Sikio la baba yangu linajulikana. Basi atasikia, na atasema yeye, na mkono wa mkwe tutauona.

Aprili 2, Jumanne

Chiriku ametolewa bandani kupashwa moto. Rivasi hadi getini, halafu mbele.

Tak.

Nilimtazama baba. Anatabasamu.

Aprili 6, Jumamosi

Tak. Baba alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye gurudumu. Akampigia Glavu makofi.

Kumbe ndiyo hivyo. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Ningekuwa mimi niliyekaza, angenisimamisha mbele ya wateja na kuniuliza kama nimelewa. Kwa mkwe wake, hata tak imekuwa muziki.

Aprili 7, Jumapili

Mvua ya mawe. Fundi bati alituibia, panavuja sehemu mpya.

Aprili 11, Alhamisi

Nimemletea baba chai, nikasimama nyuma yake: "Baba, chai." Kimya. "Baba, chai hii." Kimya. Nikaiweka kwenye stuli, nikaondoka. Baadaye nasikia anamlalamikia mama kwamba siku hizi hata chai hapewi, mpaka ilikuwa imepoa ndipo alipoiona.

Simu yake nayo ililia mezani, mbele yake, ikalia mpaka ikachoka. Glavu akaichukua, akamgusa bega, akamwonyesha. Sekretari wa bure. Atamkatia na kucha, hapo bado.

Aprili 17, Jumatano

Tak.

Aprili 20, Jumamosi

Mdogo wangu amekuja na kitambaa kipya cha kichwani, chenye madoa meupe, cha kuvaa siku ya mlima. Mashindano yanaruhusu abiria mmoja.

"Abiria ni mimi, dada! Nimemwambia, ukipiga kona vibaya nakutapikia."

"Wewe unaogopa hata bembea," nikamwambia.

"Naogopa nikiwa peke yangu. Nikiwa na yeye siogopi."

Nilicheka naye. Halafu nikaenda nyuma ya gereji, nikasimama kwenye tope kwa muda. Bado siku nyingi, baba atasikia. Wiki moja kabla kutakuwa na majaribio mbele ya watu, hapo hawezi kujifanya.

Aprili 23, Jumanne

Mvua. Sina la kuandika. Tak.

Aprili 28, Jumapili

Mama ameniuliza kwa nini nimekonda. Nikamwambia ni mvua. Akasema, "Mvua hainyeshi tumboni, mwanangu." Mama yangu angekuwa fundi, asingebaki na mteja hata mmoja, kwa jinsi anavyofungua vitu visivyofunguliwa.

Mvua zinapungua. Leo jua lilitoka kidogo, tope likaanza kupasuka.

Mei 4, Jumamosi

Nitaandika yote, kwa utaratibu, maana nikiacha leo nitakuja kujidanganya.

Asubuhi anga lilikuwa safi. Baba alivaa koti lake la mlima, la ngozi, ambalo halifungiki tena tumboni. Wakaja majirani, akaja fundi matairi wa ng'ambo ya barabara, rafiki wa baba tangu ujana wao, wakaja wateja wawili watatu. Mpango ulikuwa Glavu ampeleke Chiriku mpaka kona ya juu ya barabara ya mlima na kurudi. Mdogo wangu akapanda, akafunga kitambaa chake chenye madoa, akanipungia mkono kama malkia.

Glavu akarudi rivasi kutoka bandani. Akaweka gia ya kwanza.

Tak.

Ilikuwa kubwa kuliko siku zote. Mimi niliisikia kwenye meno. Baba akainua mkono kuwanyamazisha watu, akafumba macho, akasema, "Mnasikia? Kimya! Gari langu linanong'ona!"

Nilimtazama fundi matairi. Aliinamisha kichwa, akawa anachokoa tope kwa ncha ya kiatu. Hakushangaa. Aliona haya, aibu ya mtu anayemwona mwenzake amevaa shati nje ndani na hawezi kumwambia.

Chai. Simu. Breki. Bati la mwaka jana. Mwaka mzima na zaidi nimekuwa nasema na baba yangu nikiwa chini ya gari, nikiwa nimempa mgongo, nikiwa na kichwa ndani ya injini, halafu nahesabu kila asiponijibu.

Nikaenda dirishani kwa Glavu.

"Shemeji, baba anasikia?"

Akatazama usukani.

"Nimekuuliza."

"Hasikii, dada," akasema taratibu. "Tangu mwaka jana. Labda kabla. Ukimsimamia mbele anasoma midomo."

"Na wewe umejuaje?"

"Dukani kwangu nusu ya wateja ni wazee. Nimezoea. Aliniomba nisimwambie mtu. Akasema, hasa yule. Spana akijua nimeisha."

Hasa yule. Nilitaka kumtoa mtu huyu ndani ya gari kwa kola. Si kwa ajili ya nati. Kwa sababu baba yangu alikuwa na siri moja kubwa maishani mwake na akaenda kumpa muuza magodoro.

Mdogo wangu akasema, "Dada, mnanong'ona nini? Tuondoke, kitambaa kinaniwasha."

Nikaona jinsi lilivyokuwa jepesi. Ningenyoosha kidole tu na kusema kwa sauti: nati ya kulia imerudishwa, na aliyeirudisha ni huyu, na asiyeisikia ni yule. Ningewamaliza wote wawili kwa pumzi moja. Fundi ningebaki mimi peke yangu. Naapa nilifungua mdomo.

Nikamwona baba ameshika kifua cha koti lake lisilofungika, anawachekea watu.

Nikaenda nikamsimamia mbele. Nikasema polepole, "Baba, njoo." Nikamshika mkono, nikamleta mpaka nyuma ya Chiriku, nikakiweka kiganja chake juu ya bodi, juu kabisa ya gurudumu la kulia, nikakifunika kwa changu. Nikampigia kelele Glavu: "Rivasi! Mbele!"

Tak.

Ilipita kwenye bati, ikapita kwenye kiganja chake, nikaiona inafika usoni. Alinitazama. Midomo ilimcheza kidogo, nikadhani atalia, na mimi ningelia naye hapo hapo mbele ya wateja. Halafu akavuta pumzi, akawa baba yangu.

"Zima gari!" akanguruma. "Zima! Mtoto wangu ashuke humo! Nati ya kulia imelegea! Nani ameigusa?"

Watu wakaanza kunong'onezana: mzee huyu ana sikio! Fundi matairi akainua kichwa.

Glavu akashuka. "Mimi, baba."

"Uliirudisha nyuma?"

"Tundu halikulingana. Nikairudisha kidogo, pini ipite."

"Kidogo! Kidogo ndiyo inayoua! Nati hairudi nyuma!" Na akaendelea, akamwita majina ambayo mimi nayajua yote kwa sababu yalikuwa yangu. Glavu amesimama, glavu zake mikononi, anaitikia ndiyo baba, ndiyo baba. Mwezi mzima nilikuwa nimeingojea siku hii. Ilipofika ilikuwa kama chai iliyosahauliwa sukari. Na yule mtu hakusema, baba, mbona hukuisikia wewe. Hakusema, mbona dada alikuwepo siku zote. Alibeba yote, mpaka yasiyo yake.

Watu walipotawanyika alinifuata kwenye bomba la maji.

"Dada, wewe uliisikia lini?"

Ningeweza kusema leo. "Tangu mwanzo wa Aprili," nikasema.

Akawa anavua glavu, kidole kimoja kimoja. "Mke wangu alikuwa amekaa pale," akasema.

Basi. Wala hakukunja uso. Afadhali angenitukana. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi nilikuwa nimeshaandaa meza, nimemwalika mdogo wangu mwenyewe na kitambaa chake.

Mei 5, Jumapili

Nimefungua habu ya kulia. Meno yametafunwa kidogo, yanafaa. Mungu amenistahi kuliko ninavyostahili. Nimeweka nati mpya.

Baba alikanyaga breki. Safari hii sikumpigia kelele kutoka nyuma. Nilikwenda dirishani, nikamtazama usoni, nikafumba ngumi. Akakaza. Nikavuta bomba mpaka nati ikalia. Pengo halikulingana na tundu. Nikavuta tena, nikaning'inia kabisa miguu hewani, mpaka pengo lililofuata likafika. Nikapitisha pini, nikapiga mstari mpya wa njano.

Nilipomaliza niliingia nikakaa kiti cha abiria, tukawa tunatazama ukuta wa banda.

"Tangu lini?" akauliza. Hakuuliza nini.

"Jana."

"Usinionee huruma."

"Nani akuonee huruma? Umeninyima gari." Nilihakikisha ananiona midomo. "Kwa nini ulimpa yeye, baba?"

Akashangaa. Alishangaa kweli, si kwa kujifanya. "Aliniomba. Alikuja hapa siku ya mvua ya kwanza, akasema, baba, naomba nikuendeshee Chiriku. Wewe uliwahi kuniomba?"

"Nilidhani unajua."

"Nilijuaje? Wewe tangu uote meno hujaniomba kitu. Nikasema labda gari lile limemchosha, amelilalia chini miaka yote."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. "Naomba sasa," nikasema.

"Sasa nimeshampa mwenzio. Ahadi ni deni." Akanigonga goti kwa kifundo cha kidole. "Na nati irudi nyuma?"

Mei 8, Jumatano

Jua. Chiriku amezungushwa, nati ya kulia nimeikaza mara ya pili, na mstari wa njano uko pale pale, pande zote mbili. Nimeutazama mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Nimemwomba Glavu msamaha. Nilimkuta dukani, amelala juu ya bidhaa. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nataka godoro. Nikasema mgongo unaniuma kweli. Ameniahidi bei ya shemeji, ambayo nimekuja kugundua ni ileile ya kila mtu.

Bado ninamwonea kijicho. Nilidhani kikishasemwa kinaisha, kumbe hapana.

Mei 11, Jumamosi

Mlima.

Kabla ya kuanza nilimsimamisha baba nyuma ya Chiriku, kiganja chake juu ya bodi, changu juu ya chake. Glavu akarudi nyuma, akaenda mbele. Tulisubiri.

"Kimya," baba akasema, na safari hii alikuwa anajua anachosema.

Glavu amemaliza katikati ya orodha. Mdogo wangu hakutapika, ila kitambaa kiliruka kwenye kona ya tatu na hakijapatikana. Glavu alishuka anatetemeka kwa furaha, akamkumbatia kila mtu, akanikumbatia na mimi, na mimi nikamkumbatia, roho yangu ikiwa imekunjamana kama tambara la oili. Alistahili. Hilo ndilo linalouma.

Wakati wa kurudi nyumbani watu walikuwa wengi, injini zinanguruma kila upande. Nikamwendea baba, nikasimama mbele yake, nikasema kwa sauti yote niliyonayo, na uwanja mzima ukageuka:

"BABA, NAOMBA KUENDESHA MWAKANI! NA LEO NAOMBA NIMRUDISHE CHIRIKU NYUMBANI!"

"Mbona unapiga makelele?" akasema baba. "Mimi kiziwi?"

Akamnyooshea Glavu mkono, Glavu akamrudishia ufunguo, na yeye akanipa mimi. Halafu akajikunja na goti lake bovu, akaingia kiti cha abiria, akafunga koti mpaka lilipofikia, akatoa mkono dirishani na kuubandika kwenye mlango ili asikilize.

Nikaondoka taratibu. Kwenye kioo niliwaona wamesimama kwenye vumbi, mdogo wangu anapunga mikono, na Glavu pembeni yake, mikono mitupu, anatutazama mimi na baba yangu tukienda. Hakuwa anacheka tena. Uso ule naujua. Nimeuvaa mimi tangu mvua ya kwanza.

Nikasimamisha gari, nikarudi rivasi mpaka pale alipo.

"Shemeji," nikamwambia, "kesho njoo mapema. Nitakufundisha kuvuta bomba."

Nikaweka gia ya kwanza. Baba akaminya kiganja kwenye mlango, akatikisa kichwa: hakuna kitu. Tukaenda.